Herufi T.I. kwenye rubli ya Catherine ni za nani?

Mpenzi_wa_Sarafu: Wadau, salaam. Naangalia picha ya rubli ya fedha ya 1766, ya Catherine wa Pili, malkia wa Urusi. Ukingoni mwa bega lake kuna T.I., ndogo kweli, bila lenzi huzioni. Ndiyo alama ya kiwanda cha sarafu?

MzeeLenzi: Hapana, ndugu. Kiwanda ni zile СПБ, yaani St. Petersburg. T.I. ni Timofey Ivanov, aliyechonga sura. Herufi za upande wa pili, wenye tai, ni za msimamizi wa uchapaji, usizichanganye. Ivanov alifundishwa na Mwingereza Benjamin Scott, kisha na Jacques-Antoine Dassier wa Geneva, aliyeletwa Urusi enzi za malkia Elizabeth wa huko. Ivanov alichonga pia medali, na yeye na Samuil Yudin walirudia zile za ushindi wa Peter Mkuu. Kwa maoni yangu medali zake zimechangamka kuliko rubli.

Mpenzi_wa_Sarafu: Ahsante mzee. Mbona basi rubli mbili za mwaka mmoja nywele zinatofautiana?

MzeeLenzi: Muhuri wa chuma unaogonga sarafu unachoka, unapasuka, unatengenezwa mwingine. Enzi hizo sura iligongwa kwenye muhuri kwa chuma kilichochongwa tayari, ila herufi na vishungi vya nywele mara nyingi vilimaliziwa kwa mkono, tena kinyume kama kwenye kioo. Tazama lile shungi linaloshuka begani.

Bibi_Medali: Na Mrusi kuweka jina lake pale walipozoea kusaini wageni! Hilo nalipenda.