Nasi campur ya watu sita: wali unashika chini

Habari za jioni ndugu zangu wa Uholanzi. Wali wa nazi wa nasi campur (sahani ya Kiindonesia ya wali na vitoweo mbalimbali) uliopikwa kwa santen, ile nazi ya tofali ya dukani, unashika chini, na juu bado una kiini. Jiko ni la umeme, mchele nusu kilo. Tatizo nini?

*

Dada, santen ya hapa Uholanzi si tui. Tofali lile jeupe ni nazi nzima iliyosagwa pamoja na machicha yake. Machicha yanazama na kuungua. Yeyusha gramu 100 kwenye mililita 600 za maji ya moto, chuja. Chemsha na chumvi kijiko cha chai, mchaichai miwili iliyopondwa kitako, na majani mawili ya salam, jani la viungo la Kiindonesia (yakikosekana acha, usiweke jani jingine badala yake). Tia mchele wa jasmini, si basmati, koroga polepole dakika 8 hadi 10 mpaka tui likauke. Utakuwa na kiini bado, ndivyo unavyotakiwa. Uhamishie kwenye chungu cha mvuke dakika 20. Kupalia hakuhitajiki.

*

Naongezea ya dukani. Lebo za toko (maduka ya vyakula vya Kiasia) nyingi zina tahajia ya zamani: sereh ni mchaichai, koenjit manjano, laos ni ndugu wa tangawizi, trassi ni kamba waliochachushwa. Mwenye mzio wa kamba asome chupa za sambal (pilipili ya kusaga) pia. Na pakiti iliyoandikwa "nasi" tu, hapa Uholanzi ni wali wa kukaangwa, kitu kingine kabisa.

*

Shukrani kaka. Vitoweo vinakorogwa humo humo?

*

Hapana, hii si pilau. Campur ni kuchanganya kweli, ila anayechanganya ni mlaji. Wali katikati, pembeni kitoweo kimoja cha mchuzi, yai, mboga, sambal, na tempe kavu (soya iliyochachushwa na kugandishwa). Tempe ikatwe nyembamba kama njiti za kiberiti, ikaangwe mpaka ikauke kabisa ndipo iingie kwenye sukari na ketjap manis (mchuzi mtamu wa soya) vilivyochemka hadi kunata. Ikibaki na unyevu, sukari inalegea na tempe inakuwa kama uji kufikia kesho yake. Mkiiga ya Bali, jueni lawar ya huko (mchanganyiko wa mboga, nazi na nyama iliyokatwakatwa) mara nyingi ina nguruwe na damu.

Krupuk (vipande vikavu vya kukaanga vinavyofura) kaangeni mwisho, mafuta yawe moto sana: kisipofura ndani ya sekunde chache, mafuta bado. Wekeni mbali na mchuzi.