Kutembelea kampasi kabla ya kukubali bourse: Kasapa, Mont-Amba au Kitwe?

Kaka_BelAir aliandika:

Jambo kwenu wote. Niko Lubumbashi, naomba mawazo kwa ajili ya mdogo wangu wa kike. Ametoka sekondari upande wa math-physique, Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) amepita na zaidi ya asilimia 80, na shirika moja limemweka kwenye orodha ya watoto watakaohojiwa kwa bourse ya ubora, yaani ufadhili wa masomo kwa wenye alama za juu. Shirika halimchagulii chuo. Yeye ndiye anatakiwa kuandika barua ya ukurasa mmoja: atasoma wapi, kitu gani, na kwa nini pale. Siku ya mahojiano watambana juu ya barua hiyo hiyo.

Papa amesema hasaini karatasi kwa chuo ambacho hakuna mtu wa nyumbani amekiona kwa macho. Pesa ya kuzunguka kote hatuna. Cha kwanza ni UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hapa hapa, upande wa Polytechnique (uinjinia). Cha pili ni UNIKIN, Chuo Kikuu cha Kinshasa, maana tuna shangazi Kinshasa. Cha tatu ni Copperbelt University ya Kitwe, Zambia, kwa sababu ya Kiingereza na migodi.

Mngekuwa ninyi, kipi mngekiacha bila kukitembelea? Na ziara yenyewe, tungoje siku ya portes ouvertes (chuo kinapokaribisha wageni), twende na kundi la shule yake, au tujiendee siku ya kawaida?

Fundi_wa_Mawe alijibu:

Anza na hapa nyumbani, ni nauli ya taxi-bus tu. Lakini uliza kwanza unakwenda wapi. Watu wakisema UNILU wanafikiri ni kampasi ya Kasapa peke yake, kumbe si fakultati zote ziko kule, nyingine ziko mjini. Usije ukamtembeza mtoto Kasapa asubuhi nzima, halafu masomo yake yote yako kwingine.

Kuhusu siku, achana na portes ouvertes. Siku ile ukuta umepakwa rangi, profesa amevaa tai, na kila mlango una mtu wa kukueleza. Kujua chuo kwa siku hiyo ni kama kumjua mtu siku ya harusi yake. Nenda Jumanne ya kawaida, katikati ya mwaka wa masomo kama inawezekana, uingie auditoire (ukumbi wa masomo) ya mwaka wa kwanza, ukae nyuma. Sikiliza kama sauti ya mwalimu inafika pale. Tazama wangapi wamesimama dirishani kwa kukosa kiti. Asubuhi moja kama hiyo itakueleza mengi kuliko vijitabu vyote vya rangi.

Halafu, na hili ndilo ningekuambia hata kama ungekuwa na dakika kumi tu: nenda usome valve, ule ubao wa matangazo. Tafuta matokeo ya mwaka uliopita ya promosheni (darasa la mwaka) anayotaka kuingia na uhesabu waliopata distinction. Bourse nyingi za ubora zinataka mtoto abaki na asilimia 70 kila mwaka, na kwetu hapo ndipo distinction inaanzia. Shule ya sekondari ilimzoeza 80. Chuo kikuu, hasa polytech, ni hesabu nyingine kabisa, kuna promosheni za mamia ya watu ambapo wenye distinction unawahesabu kwa vidole. Sisemi akimbie. Nasema apeleke swali hilo kwa shirika kabla ya kusaini: akipata 66 mwaka wa kwanza, mnampa mwaka wa kujirekebisha au mnamkata? Jibu liwe kwenye karatasi.

Uliza pia décanat (ofisi ya mkuu wa fakultati) kama kuna mtihani wa kuingia au mwaka wa matayarisho, na LMD (mfumo wa licence, master, doctorat) wanaifuata vipi. Kwa mpango wa LMD ni licence miaka 3 kisha master 2, kila mwaka krediti 60. Bourse inayosema "tunalipia licence" imekulipia miaka 3, na mtu anayetaka kuwa injinia bado hajafika.

Mama_Ruashi alijibu:

Mutoto wangu, bote banasema valve, valve. Miye nauliza: ule mutoto ataikala wapi? Toka Bel-Air mupaka Kasapa ni kubadirisha bus mu ville, asubui na mangaribi. Pesa ya bourse njo itaanza kuishia mu njia.

Wangu moya alisomaka fasi ingine, sitataja jina. Balimuambia homes, nyumba ya kulala ya banafunzi, iko, chumba ya batu bane. Kufika, banalala munane, juu ya bamaquisard, bale banalalaka bila kuandikwa. Kusoma ni mu ngazi, na tochi ya telefone.

Sasa musiende asubui tu. Mubakie mupaka giza inaanza kuingia. Muone kama taa iko, maji inatokaka saa ngapi, batoto banamuke banarudiaka na njia gani. Na muulize mama mwenye kuuzisha bukari pale pa kampasi. Ule anajuaka mambo kuliko rectorat.

Mwana_Likasi alijibu:

Mimi niko Kitwe, kwa hiyo nijibu ya huku. Kwa njia, Kitwe ni karibu kuliko watu wanavyofikiri. Kutoka Lubumbashi unafika Kasumbalesa, unavuka, unapita Chililabombwe na Chingola, unaingia Kitwe. Yote ni karibu kilomita 200. Kinachokula siku ni mpaka na malori. Fika Kasumbalesa mapema, na pasi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Masharti ya kuingia yaulizie konsulati ya Zambia hapo Lubumbashi, usitegemee maneno ya madereva. Usipange pia ziara ya kwenda na kurudi kana kwamba mpaka ni mlango wa nyumba yako: Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka na Kongo kwa siku chache, kisa ugomvi wa bia na soda, na wanafunzi wengine walikwama upande ambao hawakuutaka.

CBU, yaani Copperbelt University, ilianzishwa 1987. Upande wa migodi na madini ni mzito, maana kampasi imekaa katikati ya Copperbelt, na Bachelor ya uinjinia ni miaka 5. Kama angekuwa wa udaktari ningekuambia usije Kitwe hata kutazama, shule ya tiba iko Ndola.

Diploma yake ya Kifaransa itahitaji tafsiri, kisha kupimwa na ZAQA, mamlaka ya Zambia ya vyeti. Hiyo ina muda wake na malipo yake, kwa hiyo ukija kutembelea pitia ofisi ya udahili uulize mlolongo mzima.

Halafu kitu ambacho wageni hawakioni. Hapa utasikia kila mwanafunzi wa pili anazungumza habari za loan ya serikali. Ile ya HELSB, bodi ya mikopo ya huku, ni ya raia wa Zambia. Wewe Mkongomani huimo, na ada ya mgeni iko juu ya ile ya mwenyeji. Omba wahasibu wakupe karatasi ya ada ya wageni, uipeleke kwa shirika lako. Tena, kabla ya kupoteza nauli, waulize kama bourse yenyewe inavuka mpaka. Nyingi haziruki Kasumbalesa.

Kiingereza asikiogope. Miezi ya kwanza ni taabu, baadaye sikio linafunguka. Sokoni Kibemba kitamsaidia, na huko Lubumbashi nani hana bibi anayekijua?

Lushois_wa_Lemba alijibu:

Kaka_BelAir, umetuuliza mahali lakini hujasema mtoto anataka kusoma nini. UNIKIN, Polytechnique ni civil, umeme, mekanika. Kama ni migodi au métallurgie (elimu ya kuyeyusha na kusafisha madini), Kinshasa mngepanda ndege zaidi ya kilomita 1500 kuja kutazama kitu kisichokuwepo.

Kama ni fizikia, hapo tuongee. Mont-Amba, kilima cha UNIKIN, ina historia yake: Lovanium, chuo kilichotangulia UNIKIN pale, ilifungua milango 1954, na 1959 ikawashwa pale TRICO I, reakta ya kwanza ya nyuklia Afrika. Siku hizi reakta hazifanyi kazi, mtoto asije akidhani ataziona zikiwaka. Lakini kilima chenyewe ni mji. Mtu akifika mara ya kwanza anapotea, na foleni ya Rond-point Ngaba itamla saa nzima kabla hajaona hata lango.

Homes ulizeni sana. Januari 2020, baada ya ghasia za ada, serikali iliamuru wanafunzi wote watoke, na waliotoka mikoani bila ndugu mjini ndio waliolia. Ninyi mna shangazi, hilo ni kubwa. Tena mtumieni shangazi: aende na simu, apige video, aulize apparitorat (ofisi ya kuandikisha wanafunzi). Tiketi ya ndege ya watu wawili ni kodi ya chumba ya miezi mingi. Na mkipigia ofisi za huku, kumbukeni Kinshasa iko nyuma yenu saa moja. Lushi mnapiga saa mbili asubuhi, huku bado saa moja, halafu mnasema hawapokei.

Kaka_BelAir aliandika:

Asanteni. Nimemwuliza leo, maana kweli sisi wakubwa tulikuwa tunabishana juu ya vyuo bila yeye. Anataka métallurgie. Anasema cobalt inatoka hapa kwetu, kisha sehemu kubwa inaenda kusafishwa China, na yeye anataka kujua ni kitu gani hasa kinachotushinda. Basi Kinshasa imetoka. Yamebaki Kasapa na Kitwe.

Boursier_wa_zamani alijibu:

Msichana mwenye sentensi kama hiyo nusu ya barua ameshaandika. Aiweke ilivyo, asiipambe.

Nimesoma kwa bourse ya aina hii, na baadaye nimewahi kukaa upande wa wanaohoji, kwa hiyo nina maneno mawili matatu. Bourse za ubora hazifanani. Excellentia ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi inaangalia washindi wa Exetat. BEBUC, iliyoanzishwa na profesa Bringmann wa Würzburg, Ujerumani, pamoja na profesa Mudogo wa Kinshasa, inamfuata mwanafunzi kwa mahojiano na alama, si zawadi ya siku moja. Shirika lenu silijui, lakini hakikisheni liko la aina gani, kwa sababu hapo ndipo swali la Fundi kuhusu 66 lina maana. Hongera kwake, lile swali watu wengi hawaliulizi mpaka limewaumiza.

Juu ya siku ya ziara sikubaliani naye. Siku ya kawaida utaona auditoire, njia, maji na valve, sawa. Maabara hutaiona. Mlinzi hatamfungulia mtoto asiyemjua, na kwa métallurgie maabara ndiyo chuo. Dawa yake ni barua fupi kwa décanat juma moja kabla: mimi ni fulani, nimepata kiasi hiki, niko kwenye orodha ya bourse, naomba nusu saa na mkuu wa département au assistant wake. Ambatisha nakala ya matokeo. Ukinyamaziwa, rudia kwa kwenda mwenyewe. Akipata hiyo nusu saa asiulize "chuo chenu ni kizuri?", nani atasema kibaya? Aulize mwaka wa ngapi mwanafunzi anagusa tanuru kwa mkono wake. Aulize stage (mafunzo ya kazini) zinapatikana kiwandani au kila mtu anajitafutia. Aulize waliomaliza mwaka jana wako wapi.

Na mtu yeyote akimwambia atampeleka kwa profesa kwa "kitu kidogo", amshukuru na aende zake. Nimewaona watoto wakilipishwa kutazama ofisi ambazo mlango wake uko wazi.

Tulipokuwa tunahoji, ilichukua dakika tano kujua nani amefika na nani amesoma tovuti. Aliyefika anasema "maabara ya pili ilikuwa na kufuli, nikaambiwa mashine inangoja kipuri". Aliyesoma tovuti anasema "chuo chenye sifa ya kimataifa". Hata kasoro aliyoiona aitaje, kisha aseme kwa nini bado anataka kusoma pale.

Fundi_wa_Mawe alijibu:

Kwa maabara nimekubali, mlinzi nilimsahau. Lakini hiyo nusu saa iwe siku hiyo hiyo ya kawaida, isije ikageuka portes ouvertes ya mtu mmoja. Aanze na auditoire asubuhi, département mchana, valve mwisho. Na achukue namba ya mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, si finalist, yule wa mwaka wa mwisho. Finalist ameshasahau alivyoteseka.

Kaka_BelAir aliandika:

Nimeelewa. Barua ya décanat tunaiandika leo usiku, yeye mwenyewe, mimi nasahihisha Kifaransa tu. Kasapa tutakaa mpaka jioni kama Mama_Ruashi alivyosema. Kitwe tunaingoja: nimeandikia shirika kuuliza kama wanalipia Zambia na kama mwaka wa 4 na wa 5 wamo. Wakisema hapana kwa maandishi, tumeokoa nauli ya mpaka.

Limebaki moja. Papa anataka kuingia naye kwa mkuu wa département. Mnaonaje?

Boursier_wa_zamani alijibu:

Aingie peke yake. Mzazi akiwepo profesa anaongea na mzazi, mtoto anabaki kutazama dari.

Mama_Ruashi alijibu:

Papa aende, hapana mukataze. Ila aikale inje, akunywe munkoyo na balinzi. Njo kule atasikia yote, mupaka na ile ya kufuli.