Je, Disney walikuwa na haki ya kusajili “hakuna matata”?

Mleta mada:
Ndugu wachangiaji, mwaka 1994, filamu ya The Lion King ilipotoka, kampuni ya Disney iliomba kusajili maneno “hakuna matata” kuwa alama yake ya biashara ya mavazi nchini Marekani, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Mwishoni mwa 2018 watu zaidi ya laki moja walitia saini ombi la mtandaoni la kuitaka iyaachie. Kwangu mimi usajili ule ni dhuluma tupu, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa vinywani mwetu kabla filamu haijafikiriwa. Mnasemaje?

Mchangiaji wa Dar es Salaam:
Tunalilia kitu ambacho wenyewe hatukitumii. Huku kwetu mtu akikukanyaga kwenye daladala na kukuomba radhi, unamjibu “hamna shida” au “usijali”. Anayesema “hakuna matata” ni mtembeza watalii. Yametoka kwenye wimbo wa hotelini, tena wimbo ambao mtu anaulizwa habari gani naye anajibu “mzuri sana”. Walioupa umaarufu ni kundi la Boney M kule Ulaya.

Mchangiaji wa Mombasa:
Hilo neno “wimbo wa hotelini” limenichoma. Wimbo huo ni “Jambo Bwana”, umetungwa na Teddy Kalanda wa bendi ya Them Mushrooms na kutoka mwaka 1982, na Boney M walitoa wa kwao mwaka uliofuata, kwa hiyo usitugeuzie mambo. Bendi za pwani zilipiga hotelini kwa sababu ndiko kulikokuwa na kazi ya uhakika, na kumwimbisha mgeni asiyejua Kiswahili mpaka arudi kwao akiuimba ni ufundi ambao wengi wameushindwa. Mgeni aliyeshuka jana hahitaji kujua ngeli ndipo aitikie kibwagizo. Na mbona wapagazi wa Kilimanjaro wanauimba wimbo huohuo, pale penye Kenya wakaweka Kilimanjaro, na sarufi yake hamjaisahihisha?

Mchangiaji wa Moshi:
Kwa kuwa wapagazi tumetajwa, nijibu mimi niliyebeba mizigo mlimani. Tunauimba kambini wageni wakiwa hoi, vichwa vinawagonga kwa mwinuko, na nimeona mtu aliyekwisha kukata tamaa akinyanyuka na kupiga makofi. Hatujawahi kudai kwamba ni wetu, wala hatujamzuia Mkenya yeyote kuuimba. Kutufananisha na kampuni iliyokwenda kusajili ni kutuonea.

Mchangiaji mwanasheria:
Tutenganishe mambo. Alama ya biashara haimzuii mtu kusema wala kuimba. Inahusu bidhaa za aina iliyotajwa, katika nchi iliposajiliwa. Hata hivyo athari yake ni ya kweli. Kuanzia Diani hadi Nungwi wako vijana wanaouza fulana zilizochapwa maneno hayo kifuani; mmoja wao akimtumia ndugu yake aliyeko Minnesota, Marekani, mzigo wa fulana akauze, huyo ndugu ndiye anayeweza kuletewa barua ya mawakili. Kampuni ya Uingereza ilipojaribu mwaka 2006 kusajili jina la kikoi, Kenya ilipinga na jaribio likakwama. Kwa “hakuna matata” serikali zetu hazikuupinga usajili, na aliyeanzisha ombi la 2018 alikuwa Mzimbabwe, mtu wa nchi ambayo Kiswahili si lugha yake. Hilo linaniuma kuliko usajili wenyewe.

Mchangiaji wa Mombasa:
Wakili, sheria nimeielewa na nakushukuru, ila ndugu yangu wa Dar es Salaam bado hajanijibu. Tumefika hapa, na wengi humu Disney na Boney M wanawajua kwa majina, lakini Kalanda wamemsikia kwangu. Ninachotaka ni kwamba hoteli, kampuni za utalii na wapagazi wanaoupiga wimbo ule kila siku wamtaje mtunzi wake kabla hawajauanza. Hilo halihitaji mahakama ya Marekani.

Mchangiaji wa Moshi:
Hilo nalikubali, na nitawaeleza wenzangu. Lakini hoteli zenu za Mombasa nazo zianze.