Picha za sendofu na vidonge vya Ma'mdogo

Ma'mdogo Tanga: [picha 4] Picha za sendofu hizo jmn, nimechelewa kutuma bando liliisha

Anko Mbagala: Mashallah dada umenawiri! Mashavu hayo, Tanga inakulea

Binti Mbagala: Ma'mdogo kapendeza 😍😍

Ma'mdogo Tanga: Asanteni wanangu. Afu kuna meseji nimerushiwa inasema tumbo kuwa kubwa na kukosa usingizi ni homoni ya kotisoli imepanda sababu ya stresi, dawa yake mdalasini na ndimu asubuhi kabla ya kula wiki tatu. Kuna anayeijua? Maana dalili zote ninazo

Kaka Mkubwa: Stresi ipo kweli tangu biashara ya vitenge iyumbe

Dada Nesi: Shikamoo ma'mdogo, nimetoka shifti ya usiku ndo naona picha. Naomba nikuulize vitu, nije inboksi?

Ma'mdogo Tanga: Marahaba mwanangu. Uliza hapahapa, humu wote damu moja

Dada Nesi: Sawa. Uso umeanza kujaa lini? Na miguu imenenepa au tumbo na uso tu?

Ma'mdogo Tanga: Tangu mwaka jana. Miguu ndo kwanza imekonda, nikikaa kwenye kigoda kuinuka mpaka nishike ukuta. Tumbo lina michirizi ya zambarau kama ya mimba na mimi sijazaa miaka 14. Nikigongwa kidogo tu nabaki na alama wiki nzima

Dada Nesi: Presha je?

Ma'mdogo Tanga: Wiki iliyopita 165 kwa 100, na sukari wakasema iko juu juu nirudi

Anko Mbagala: Mbona hukusema dada

Dada Nesi: Ma'mdogo usikasirike, unatumia dawa yoyote ya kuongeza mwili?

Bibi (anaandika mjukuu): Bibi anasema jibu ukweli mwanangu hakuna atakayekucheka

Ma'mdogo Tanga: Ndiyo. Mnakumbuka nilivyokonda baada ya msiba wa shemeji yenu, watu wakaanza kunisema nina ule ugonjwa. Duka la dawa huku wakanipa vidonge vidogo na vingine vya hamu ya kula, 2 asubuhi 2 jioni, nikapendeza mwezi mmoja tu. Nikawa narudi kununua

Dada Nesi: Pole sana ma'mdogo wangu. Maneno ya watu yanauma. Kwenye pakti pameandikwaje?

Ma'mdogo Tanga: Vingi wananifungia kwenye kikaratasi, ila pakti moja ninayo, deksamethasoni 0.5 mg. Vya njaa vimeandikwa siproheptadini

Dada Nesi: Ndo hiyo. Naandika kwa urefu someni wote tafadhali. Kotisoli ni homoni inatengenezwa na vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo, kila mtu anayo na inatakiwa, asubuhi inapanda ndo inakuamsha, saa sita usiku inashuka ili ulale. Stresi inaipandisha kweli ila stresi peke yake haikuletei michirizi ya zambarau na miguu kukonda huku uso umeviringa. Deksamethasoni ni stiroidi, inafanya kazi ya kotisoli ila ni kali mara nyingi zaidi. Mwili kwa siku unatengeneza kotisoli kama 10 mpaka 20 mg. Ma'mdogo unameza 2 mg za deksa kwa siku, ukizigeuza ni kama 50 na kitu. Mwaka mzima! Ndo maana mafuta yamehamia usoni, tumboni na nyuma ya shingo, misuli ya mapaja inaliwa, ngozi inakuwa laini kama karatasi, presha na sukari zinapanda, mifupa nayo inapungua nguvu kimyakimya. Inaitwa hali ya Cushing, jina la daktari wa upasuaji Mmarekani Harvey Cushing aliyeieleza mwaka 1912. Ule unono tunaousifia ni ugonjwa jmn

Anko Mbagala: Dada nenda kamwage vyote chooni SASA HIVI. Na hilo duka kesho nalifuata mwenyewe

Dada Nesi: HAPANA anko!!! Ma'mdogo USIACHE ghafla. Vitezi vyako vimelala mwaka mzima sababu dawa inafanya kazi yao, ukikata leo mwili unaweza kubaki bila kotisoli ya kutosha, presha inaporomoka, mtu anaweza kufa. Unapunguzwa polepole na daktari, wengine wiki wengine miezi mingi. Ukitapika, ukalegea, tumbo likauma sana au ukahisi kuzimia, usisubiri asubuhi, nenda hospitali uwaambie kitu cha kwanza "natumia stiroidi"

Ma'mdogo Tanga: Ndo maana mwezi wa ramadhani nilivyokosa hela ya kununua siku tatu nilianguka bafuni. Nilidhani ni swaumu

Bibi (anaandika mjukuu): Bibi analia. Anasema Mungu alikuficha mwanangu

Kaka Mkubwa: Sasa na mimi nimesoma mahali kotisoli inapanda sababu ya uvimbe, asije akawa nao

Dada Nesi: Upo kaka, uvimbe kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, au kwenye vile vitezi vya juu ya figo. Hao wanapimwa mkojo wa saa 24, mate ya usiku wa manane, au unapewa deksa 1 mg saa tano usiku afu asubuhi unatolewa damu kuona kama kotisoli imeshuka. Tiba yake mara nyingi ni upasuaji, ule wa pituitari wanapitia puani. Ila wagonjwa wengi zaidi chanzo ni dawa kama hizi. Na msishangae kipimo cha ma'mdogo kikija kotisoli iko CHINI, kinapima ile ya mwili wake ambayo imezimwa, deksa haihesabiwi humo. Kwahiyo asipomwambia daktari kuhusu vidonge, daktari anaweza akapotoshwa kabisa na kipimo

Anko Mbagala: Nimekuelewa. Na mwanangu alipewa prednisoloni za pumu siku tano, nazo vipi?

Dada Nesi: Hizo mpe bila hofu, siku chache kwa kipimo cha daktari haziharibu. Stiroidi ni dawa nzuri, wakati wa Korona 2020 deksa hiihii iliokoa waliokuwa kwenye oksijeni. Ubaya ni kuuziwa kama karanga

Binti Mbagala: Dada na krimu je? Naulizia rafiki

Dada Nesi: Mkorogo mingi ina klobetasoli, ni stiroidi kali, ukipaka mwili mzima kila siku inaingia kwenye damu na inaweza kuleta hayahaya. Nakupigia jioni mdogo wangu, usiogope

Binti Mbagala: Sawa dada 🙏🏾

Ma'mdogo Tanga: Kwahiyo mdalasini niache

Dada Nesi: Kwenye chai weka kama unapenda ladha, kwa hili haisaidii. Kesho nenda hospitali ya Bombo mapema, beba pakti na vikaratasi vyote pamoja na dawa za presha kama walikupa. Za leo jioni na za kesho asubuhi meza kama kawaida. Ukipunguziwa uso unarudi taratibu, michirizi inafifia, miguu inapata nguvu. Mwanzoni utachoka sana na viungo vitauma, mwambie daktari usijiongezee mwenyewe

Kaka Mkubwa: Nauli na vipimo nimetuma elfu 60 ma'mdogo angalia simu. Anko la duka tuwaachie TMDA, ile mamlaka ya dawa, nitaandika taarifa mimi

Ma'mdogo Tanga: Imeingia mwanangu. [picha] Hivi ndo vyote nimeviweka kwenye mfuko mmoja. Nimetaka kusema siku nyingi nikawa naona aibu

Dada Nesi: Naviona. Kile kikaratasi cha kushoto kina vidonge rangi nyingine, hivyo ni vya nini?

Ma'mdogo Tanga: Vya usingizi, walinipa hapohapo dukani

Dada Nesi: Nakupigia sasa hivi pokea