Naomba ushauri: kondo la nyuma limefunika mlango wa kizazi

Ndugu zangu, mke wangu ana ujauzito wa wiki 31, na alfajiri ya juzi aliamka akakuta khanga aliyojifunga imelowa damu nyekundu mbichi, ilhali hakuwa na maumivu yoyote. Ultrasaundi imeonyesha kwamba kondo la nyuma limefunika mlango wa kizazi wote. Alilazwa, damu ikakata, kisha akaruhusiwa kwa masharti kwamba tusikutane kimwili na mtu yeyote asimpime kwa vidole ukeni.

Daktari alieleza kuwa kondo lililo chini katika wiki ya 20 mara nyingi hupanda kadiri mji wa mimba unavyotanuka, lakini lililoziba mlango kabisa hadi sasa lina nafasi ndogo ya kupanda, hivyo tujiandae kwa upasuaji katika wiki ya 36 au 37. (Mama mkwe bado anasisitiza kwamba ni uchovu tu.)

Tunaishi Chanika, na foleni ya kuingia mjini Dar es Salaam mnaijua. Je, waliopitia hali hii walihamia mapema karibu na hospitali? Na wachangiaji damu mliwaandaa vipi, hasa kwa mgonjwa wa kundi O hasi kama yeye?