Ndege za Mafia: tupimwe sisi na mizigo yetu, au mizigo peke yake?

MTOA MADA
Wakuu, salaam. Nimerudi Dar juzi kutoka Mafia, nilikokwenda kula sikukuu kwa mama mdogo, na bado sijapoa. Naomba tulijadili hili bila matusi.

Wanaoijua Kilindoni wanajua uwanja ulivyo: kutoka mjini ni mwendo wa miguu, ukichoka bodaboda. Ndege ni Caravan, injini moja, abiria 12 hivi, nusu saa mko Dar. Ruhusa ya mzigo ni kilo 15. Mfuko wangu ulisoma 19 na nusu. Sheria naijua, sibishi. Ila mama mdogo hajui habari ya kilo. Kwake kumsindikiza mtu mikono mitupu ni sawa na kumfukuza, kwa hiyo kanifungia nazi za kufua na pweza mkavu mpaka zipu ikagoma.

Karani wa kampuni (siitaji jina) kasema nilipie kilo 4 na nusu au nipunguze. Bei ya kilo ya ziada inazidi bei ya nazi sokoni Kariakoo, sasa nilipie nini? Nikachuchumaa palepale, nikatoa nazi mojamoja, foleni nzima inanitazama. Ya nane ndiyo iliyonivusha. Wabeba mizigo wakagawana, na Mungu awabariki, mchuzi ule wameula wao.

Sasa sikilizeni. Nyuma yangu alikuwepo baba mmoja, mtu wa mwili hasa, kwa macho yangu hapungui kilo 110. Kifuko chake kilo 6. Akapita. Nyuma yake mtalii amevaa koti lenye mifuko kila mahali, kamera mfuko huu, lenzi mfuko ule, chaja kifuani. Begi lake likasoma 15 kamili. Akapita, kwa sababu kilichovaliwa hakipimwi.

Mimi nina kilo 54. Mimi na nazi zangu zote ni 73 na nusu. Yule baba na kifuko chake ni 116. Ndege iliumwa nini na nazi zangu?

Hoja yangu: kwenye ndege ndogo mtu apimwe pamoja na mzigo wake, na ruhusa iwe ya jumla. Karibuni.

MCHANGIAJI WA UTENDE
Ungepanda boti ya Nyamisati dada, ungebeba na mnazi wenyewe.

MTOA MADA
Boti naiheshimu, lakini tumbo langu na kusi hatujawahi kuelewana.

ALIYEWAHI KUPAKIA NDEGE
Nimefanya kazi uwanjani miaka kadhaa, nikipakia hizohizo Caravan. Mtoa mada yuko sahihi nusu.

Caravan ikiwa na mafuta, watu na mizigo haitakiwi kuzidi takriban tani 4 wakati wa kuruka. Chuma chenyewe na mafuta vinakula sehemu kubwa ya hizo. Kinachobaki kikigawanywa kwa vichwa 12 si kikubwa kama mnavyodhani. Na jua la saa saba likiwaka hewa inakuwa nyepesi, ndege inahitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Kuna watu wananiambia "mbona Mafia siku hizi kuna lami?" Lami haikuongeza nguvu ya injini.

Halafu si uzito tu, ni mahali uzito ulipokaa. Mkijazana nyuma na mizigo ikawa nyuma, pua inataka kwenda juu na rubani anapigana nayo. Ndiyo maana mnaambiwa "wewe njoo mbele, wewe rudi kiti cha tatu," mnakasirika mkidhani mnabaguliwa.

Januari 2003 huko Charlotte, Marekani, ndege ya abiria 19 ilianguka mara tu baada ya kuruka, wakafa wote 21 waliokuwamo. Waya wa usukani wa mkia ulikuwa umerekebishwa vibaya kwenye matengenezo, na juu ya hapo ndege ilikuwa nzito na imeelemea nyuma. Kwenye karatasi uzito ulikuwa sawa, kwa sababu abiria walihesabiwa kwa wastani wa zamani na watu walikuwa wamenenepa. Baada ya hapo Wamarekani wakapandisha wastani wao. Ndege ya watu 200 wastani unakuokoa, wembamba wanafidia wanene. Kwa watu 12 wastani ni kubahatisha.

Kwa hiyo kupimwa naunga mkono. Kulipishwa kwa mwili, hapo simo.

MTU WA KILO 118
Mimi ndiye yule baba. Si yule wa siku ile, ila ni mimi.

Mwaka juzi, kisiwa kingine, kampuni nyingine, niliambiwa nipande kwenye mizani ya mizigo. Ileile ya mabegi, ya chini. Kijana akasoma namba kwa sauti ili mwenzake aandike: "Mia na kumi na nane!" Watoto wakacheka. Mke wangu akatazama pembeni. Hakuna aliyenitukana, lakini safari nzima sikuona bahari.

Sasa mnataka na bei juu yake. Nazi dada ulichagua kuzibeba. Mimi huu mwili nimelala nao na nimeamka nao. Na mjamzito je? Anayetumia vyuma vya miguu? Mwanamume wa futi sita na nusu asiye na hata kitambi? Mkishaandika kanuni hiyo, karani hatauliza kilo zimetoka wapi.

MCHANGIAJI WA TANGA
Lakini kuna waliofanya. Samoa Air, 2013, nauli kwa kilo: unataja uzito wako na wa mzigo, unapimwa, unalipa. Visiwa vidogo, ndege ndogo, kama sisi. Dunia nzima ilipiga kelele, ila mwenye kampuni alisema ndege inaendeshwa kwa uzito, haiendeshwi kwa viti. Hapo mtamjibu nini?

MTU WA KILO 118
Namjibu kwamba daladala nayo inakula mafuta kwa uzito, na bado konda anahesabu vichwa.

MTOA MADA
Kaka wa 118, nimesoma mara mbili. Pole. Mimi nililia nazi, wewe ulivuliwa nguo.

Basi nabadilisha hoja, siifuti. Kupima kubaki, lakini namba isionekane wala kutangazwa. Linawezekana: Air New Zealand mwaka 2023 walipima abiria zaidi ya 10,000 ili wapate wastani mpya, na mizani haikuonyesha namba mahali popote, hata mfanyakazi aliyesimama pale hakuiona. Kwetu rubani anahitaji kujua, wengine wote hawahitaji. Pili, mwenye kilo nyingi asiongezewe hata senti. Ila mwenye kilo chache aongezewe ruhusa ya begi. Kilo 54 apewe 20 badala ya 15. Nani ameumia?

ALIYEWAHI KUPAKIA NDEGE
Wewe hujaumia. Mwenye kampuni kaumia, kilo hizo 5 alikuwa anaziuza. Na usisahau nafasi: lile sanduku la mizigo chini ya tumbo la ndege lina ukubwa wake. Watu wembamba 12 kila mmoja na kiroba cha nazi, uzito unaweza kukubali na mlango usifunge.

MTU WA KILO 118
Na mimi bado naona ni kutozwa kwa mlango wa nyuma. Wewe 20, mimi 15, nauli moja.

Ila nikwambie kitu. Siku ile ningekuwa mimi nyuma yako, kifuko changu kilo 6, nilikuwa na kilo 9 ambazo nimeshazilipia na hazina kazi. Ungenipa hizo nazi nane nizitie kwangu.

MTOA MADA
Ungekubali kweli? Mzigo wa mtu usiyemjua?

MTU WA KILO 118
Ningezitikisa kwanza.

ALIYEWAHI KUPAKIA NDEGE
Karani angekataa. Kuchangia kilo ni kwa waliokata tiketi pamoja, tena si kila kampuni. Ila angekuwa zamu yangu, ningegeuka kutazama kule ndege inakotokea.