Jackson 5: moto wa 1970 ulizimikaje mapema hivyo?

SanturiKuukuu
Wakuu, singo nne za kwanza za Jackson 5, kundi la Michael Jackson na kaka zake wanne, pale kampuni ya rekodi ya Motown zote zilishika namba moja Marekani ndani ya 1970. Kufika 1973 singo zao hazisogei hata ishirini bora, na 1975 wanahama kampuni na kupoteza hata jina. Wengi husema ni sauti ya Michael kuwa nzito. Ni hilo tu? Wanaojua studio na mikataba, naomba mnieleweshe.

Kinanda_Tanga
Sauti ilichangia, lakini mkuu, anzia jikoni kwenyewe. "I Want You Back", "ABC" na "The Love You Save" zilitungwa na kikosi kimoja: Berry Gordy (mwenye Motown), Freddie Perren, Deke Richards na Alphonzo Mizell, waliojiita The Corporation. "ABC" ilijengwa juu ya kodi (chords, mpangilio wa sauti za ala) za kiitikio cha "I Want You Back". Sikiliza gitaa la besi kwenye hiyo ya kwanza: halitulii, linaimba wimbo wake lenyewe chini ya Michael, na hapo ndipo mwili unapoanza kucheza. Hilo ni la Wilton Felder, mwanamuziki wa studio wa Los Angeles. Jermaine, kaka yake Michael, alipiga besi jukwaani tu.

Kwa hiyo kundi halikuwa na sauti yake lenyewe. Ile kanuni ilipochuja na kikosi kutawanyika, vijana walibaki wakisubiri kuletewa nyimbo. Wakati huohuo Marvin Gaye na Stevie Wonder walishapata uhuru wa kujitungia na kujisimamia humohumo Motown. Ndugu hawa waliomba, wakanyimwa. "Dancing Machine" ya 1974 ilifika namba 2, ila wimbo mmoja haulishi kundi.

WakalaWaMuziki
Naongeza upande wa pesa, maana ndiko kulikoua zaidi. Mrabaha wao, yaani mgawo wao wa mauzo ya rekodi, haukufika asilimia 3. Chukua asilimia 3 kamili kwa mfano: gawanya kwa watano, kila mmoja ana 0.6. Na hiyo hailipwi mpaka kampuni ijirudishie gharama za kurekodi, pamoja na za nyimbo zilizoishia kabatini. Pesa ya mtunzi nayo haikuwa yao, kwa sababu hawakutunga.

La pili ni jina. "Jackson 5" lilikuwa mali ya Motown. Walipokwenda Epic, iliyokuwa chini ya CBS, ikabidi waitwe The Jacksons. Mwenye bendi ya ndugu asajili jina kabla ya kusaini chochote, tena aandike nani analibeba mmoja akitoka.

La tatu ni Jermaine. Alimwoa Hazel, binti wa Gordy, Desemba 1973, akabaki Motown. Mdogo wao Randy akachukua nafasi yake. Rudia "I'll Be There" usikie pengo: Michael anaanza, Jermaine anampokea kwa sauti nzito zaidi. Ukiondoa mpokeaji, wimbo ule unabaki nusu.

SanturiKuukuu
Asante sana wakuu. Sasa huko Epic si walipata walichotaka? Mbona napo kundi halikudumu?

Kinanda_Tanga
Hawakukipata mara moja. Albamu mbili za mwanzo, 1976 na 1977, zilisimamiwa na Gamble na Huff, watunzi na watayarishaji wa Philadelphia. Uhuru ulikuja na "Destiny" ya 1978: nyimbo zote zao isipokuwa "Blame It on the Boogie". "Shake Your Body", ya Michael na Randy, iliingia kumi bora. Kwangu mimi hiyo ndiyo albamu yao bora kuliko zote, za Motown zikiwemo.

Shida ikawa Michael kuwa mkubwa kuliko kundi. Baada ya "Off the Wall" 1979 na "Thriller" 1982, kundi lilimhitaji yeye, yeye hakulihitaji. Albamu ya "Victory" ya 1984 inasikika kama nyimbo za watu mbalimbali zilizofungwa pamoja.

WakalaWaMuziki
Na ziara ya albamu hiyo, ambayo Jermaine alikuwa amerudi kundini, ilivurugwa na tiketi. Dola 30 kila moja, lazima ununue nne, utume dola 120 kwa posta, kisha usubiri bahati nasibu. Mashabiki walikasirika mpaka Michael akaagiza utaratibu ubadilishwe na kutoa mapato yake yote kwa hisani. Desemba 1984, Los Angeles, alitangaza jukwaani kwamba hilo ndilo onyesho lao la mwisho pamoja. Marlon naye akajitoa baadaye, na albamu ya 1989 wakaitengeneza wanne waliobaki.